"Mtandao Umekatika": Maelezo juu ya Hitilafu za Waifai katika Kipakatalishi cha Linux

Makusudi ya makala haya ni kueleza namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu pale kipakatalishi kinachotumia mfumo wa Linux kinaposhindwa kuwasiliana kwa njia ya waifai. Huenda msomaji akashangaa kuikuta mada ya namna hii katika jarida la lugha za Kiafrika. Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi yetu siku hizi imo ndani ya mashine hizi: sauti tulizozirekodi nyanjani, matini tulizozinukuu, kamusi tunazozikusanya, hata alama za mitihani. Baadhi yetu tumeichagua Linux kwa kuwa haidai malipo ya leseni, na kwa kuwa programu tunazozitegemea, kama vile Praat na ELAN, hufanya kazi ndani yake bila taabu. Sababu ya pili ni ya kilugha, nayo ndiyo iliyotusukuma kushika kalamu. Tunadai kwamba sehemu kubwa ya taabu wanayoipata wenzetu haitokani na mashine, bali hutokana na sentensi wanayoitumia kuieleza hitilafu.

Mwenzetu mmoja, mtafiti wa nyimbo za kazi, alirudi kutoka nyanjani akiwa na kipakatalishi cha zamani alichokinunua kikiwa kimekwisha kutumika ng'ambo. Siku ya pili yake mashine haikuona waifai yoyote. Akaipeleka kwa fundi, akamwambia, "Mtandao umekatika." Fundi akajaribu hili na lile, hatimaye akaamua kwamba mfumo umeharibika, akaufuta na kuuweka upya. Pamoja na mfumo zikafutika saa kadhaa za sauti ambazo mwenzetu alikuwa hajazinakili popote, na miongoni mwa walioimba alikuwamo bibi mmoja aliyefariki miezi michache baadaye, kabla hajarekodiwa tena. Mfumo mpya ulipowashwa, waifai haikuonekana vilevile. Chanzo kilikuwa kitufe kidogo cha kusukuma kilichoko ukingoni mwa mashine, upande wa mbele, ambacho kazi yake ni kuzima redio. Kilikuwa kimesukumwa mkobani, safarini.

Si haki kumlaumu fundi peke yake. Hebu tuichunguze sentensi aliyopewa. Kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendeka. Tunaposema kamba imekatwa, msikilizaji hujua kwamba yuko aliyeikata, hata kama hakutajwa, na anaweza kuuliza, "Na nani?" Tunaposema kamba imekatika, tunaiarifu hali tu, mtendaji hayumo, wala nafasi ya kumtia haimo. Kauli hii ina manufaa yake makubwa katika adabu na katika ushairi, lakini kwa mtu anayetafuta chanzo haina msaada. Kiima nacho ni kipana mno. Neno "mtandao", lenye asili yake katika kutanda na kuenea, hutumiwa na Mkenya wa leo kwa maana ya waifai ya ofisini, kwa maana ya mawimbi ya kampuni ya simu, kwa maana ya intaneti nzima, na pengine kwa maana ya tovuti moja tu iliyokataa kufunguka. Kiima kipana kimeungana na kitenzi kisicho na mtendaji, na fundi akapewa sentensi iliyo sahihi kisarufi ambayo haimwelekezi popote.

Hata hivyo, Kiswahili hakikosi vitenzi vya kuyatenga mambo haya. Katika maelezo yanayofuata tutatumia sita: kutambulika, kuwashwa, kusikia, kukubaliwa, kupewa anwani, na kufika. Kila kimoja ni hatua, na kila hatua huitegemea ile iliyoitangulia. Kadi isiyotambulika haiwezi kuwashwa. Iliyozimwa haisikii kitu. Isiyosikia haiwezi kuomba kukubaliwa. Basi ni upotevu wa wakati kulijadili neno la siri wakati redio yenyewe imezimwa. Kabla ya yote, msomaji na achukue simu yake ajaribu waifai ileile. Ikiwa simu nayo inashindwa, hitilafu imo katika ruta au mbele yake, na kipakatalishi kiachwe kwa amani.

Tuanze na kutambulika. Katika dirisha la amri, andika lspci -k. Amri hii huorodhesha vifaa vilivyofungwa ndani ya mashine, na chini ya kila kifaa hutaja kiendeshi chake, yaani ile programu inayokiwezesha kiini cha Linux kusema na kifaa hicho. Kwa kadi za nje zinazochomekwa penye USB, amri ni lsusb. Majibu yanayowezekana ni matatu. Huenda kadi isionekane kabisa. Hapo tatizo ni la chuma, au kadi imezimwa katika ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujaanza. Huenda kadi ikaonekana bila kiendeshi. Hapo kadi ipo, ila hakuna anayejua kusema nayo. Au huenda vyote viwili vikaonekana na bado waifai isifanye kazi, na jambo hili linahitaji maelezo zaidi.

Kadi nyingi za waifai ni tarakilishi ndogo zenyewe, na zinahitaji programu yao ya ndani, ambayo kiendeshi huipakia kila mara mashine inapowashwa. Linux, tangu Linus Torvalds alipoianza mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, imekua kwa msingi kwamba msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha. Programu za ndani za kadi ni mali ya watengenezaji, na msimbo wao aghalabu haujulikani. Wapo walioona kuwa kuzichanganya na mfumo huru ni kuuchafua. Debian, mojawapo ya mifumo mikongwe ya jamii ya Linux, kwa miaka mingi haikuzitia katika diski zake rasmi za kusimika; ni baada ya kura ya wanachama mwaka 2022 ndipo toleo la 12, lililotoka Juni 2023, lilipozijumuisha. Kwa hiyo mtu aliyesimika toleo la zamani zaidi aliweza kuwa na kadi nzima, kiendeshi kizima, na waifai isiyofanya kazi, kwa sababu ya mjadala wa kifalsafa ambao hakupata kuusikia. Ushahidi wake hupatikana kwa amri ya sudo dmesg, inayofungua kumbukumbu za kiini: humo utakuta malalamiko kwamba faili fulani limetafutwa na halikupatikana. Kwa baadhi ya kadi za Broadcom hata kiendeshi chenyewe huwekwa kando, na kama ulinzi wa uwashaji umewezeshwa katika mashine, kiini huweza kukikataa kwa kuwa hakina sahihi inayoaminika.

Dawa ni kulipakua faili linalokosekana. Lakini utalipakuaje bila intaneti? Hapa wengi hukata tamaa bila sababu. Chomeka simu katika mashine kwa waya wa USB, kisha uiruhusu simu igawe intaneti yake kwa njia hiyo. Kwa kawaida Linux huichukulia simu kama kadi ya waya na kuanza kuitumia mara moja.

Tutoke nje ya njia kidogo. Jumbe za kiini cha Linux hutolewa kwa Kiingereza tu. Juhudi za kuusemesha mfumo huu Kiswahili zina historia ya heshima: mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi hiyo ilihusu menyu na vitufe, yaani maneno anayokutana nayo mtumiaji mambo yakiwa sawa. Maneno anayokutana nayo mambo yakiharibika yamo chini zaidi, na kwa maoni yetu ndiko istilahi zinakohitajika zaidi, kwani mtu mwenye shida ndiye asiye na subira ya kufungua kamusi.

Hatua ya pili ni kuwashwa. Amri ni rfkill list. Kwa kila redio iliyomo katika mashine, iwe ya waifai au ya bluetooth, hutolewa mistari miwili, kila mmoja ukisema ndiyo au la. Kiingereza huviita vizuizi hivyo viwili kimoja laini na kingine kigumu. Mfasiri atakayeandika "kizuizi laini" atakuwa ametafsiri maneno na kuiacha maana ugenini. Afadhali tuseme kizuizi cha programu na kizuizi cha kitufe. Kizuizi cha programu huwekwa na mfumo wenyewe, kwa mfano pale mtu anapobonyeza hali ya ndege bila kukusudia, nacho huondolewa kwa amri ya rfkill unblock wifi. Kizuizi cha kitufe huwekwa na chuma, na hakuna amri iwezayo kukiondoa: sharti kitafutwe kitufe chenyewe, ukingoni mwa mashine au miongoni mwa vitufe vya juu vya kibodi, au mipangilio ya awali ya mashine ichunguzwe. Mwenzetu tuliyemtaja alikuwa amepatwa na hiki cha pili. Kusimika mfumo upya kusingaliweza kukiondoa hata kama kungalirudiwa mara mia.

Hatua ya tatu, kusikia. Amri nmcli device wifi list huorodhesha waifai zote zinazosikika, pamoja na chaneli zao na nguvu za mawimbi. Anayetaka kipimo cha hakika baada ya kuunganishwa atumie iw dev wlan0 link, akiweka mahali pa wlan0 jina la kadi yake, ambalo katika mashine za sasa aghalabu ni refu zaidi, kama wlp3s0. Kipimo hutolewa kwa desibeli, na huwa hasi. Kipimo hiki huwapotosha watu kwa kuwa hakiendi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha: kila desibeli 10 zinazopungua huigawa nguvu kwa kumi. Tofauti kati ya -60 na -80, basi, si theluthi moja. Ni mara mia. Penye -50 mambo ni mazuri. Penye -80 mazungumzo hukatikakatika. Ruta nyingi hutumia masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Haya ya pili ni ya kasi zaidi lakini hupenya kuta kwa shida zaidi, na aliyekaa katika nyumba ya mawe ya matumbawe ya mji wa kale, yenye kuta nene, atayapoteza kabla hajafika chumba cha pili.

Iko hitilafu moja ya hatua hii inayowasibu hasa wanunuzi wa mashine zilizotoka ng'ambo. Katika masafa ya gigahezi 2.4, nchi nyingi huruhusu chaneli ya 1 hadi ya 13, lakini kwa kawaida Marekani hutumia 11 tu za kwanza. Kadi iliyotengenezwa kwa soko la huko huenda isisikilize kabisa chaneli ya 12 na ya 13. Simu ya jirani itaiona waifai ya ofisi, kipakatalishi hakitaiona, na kila mtu ataapa kwamba kadi ni mbovu. Amri iw reg get huonyesha mashine inafuata kanuni za nchi gani. Njia rahisi ni kuihamisha ruta katika chaneli ya 1, 6 au 11.

Sasa tumefika katika kukubaliwa, na hapa ndipo vyuo vikuu vina matatizo ya peke yao. Kwa waifai ya nyumbani, kosa la kawaida ni neno la siri lililobadilishwa katika ruta huku mashine ikiendelea kulitumia lile la zamani. Futa muunganisho huo kwa nmcli connection delete ukifuatiwa na jina lake, kisha uanze upya. Lakini vyuo vyetu vingi hutumia eduroam, mpango uliozaliwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambao hapa Kenya huendeshwa kupitia KENET. Katika mpango huu ruta haikujui wala haihitaji kukujua. Huchukua ombi lako na kulipeleka chuoni kwako, nacho ndicho kinachojibu kwamba unajulikana au la. Ndiyo maana mhadhiri aliyezoea kuandika jina lake tupu, bila alama ya @ na anwani ya chuo, huweza kukubaliwa nyumbani na kukataliwa mara aendapo kutahini katika chuo kingine: ombi lake halijui liende wapi.

Jambo jingine ni cheti. Mashine yako huidai seva ijitambulishe kwanza kwa cheti, kabla haijaikabidhi neno lako la siri. Linux hukuuliza cheti hicho kiko wapi, na wenye haraka huchagua kutokitumia. Hatuwashauri wenzetu kufanya hivyo, maana mtu yeyote anaweza kuweka ruta yake mkahawani na kuipa jina la eduroam. Tena cheti kina tarehe zake. Kipakatalishi cha zamani ambacho betri yake ndogo ya saa imekufa huamka kila asubuhi kikidhani ni miaka mingi iliyopita, na kwa hesabu hiyo cheti cha chuo bado hakijaanza kutumika. Mashine itakikataa, na mtumiaji ataandika neno lake la siri mara kumi bila mafanikio. Itazame saa kwa amri ya date. Jambo hili huchukua sekunde mbili, nasi tumeliona likimaliza ugomvi wa wiki nzima. Maelezo kamili ya kukataliwa hupatikana kwa journalctl -u NetworkManager -b.

Kupewa anwani hakuhitaji maneno mengi. Ukishakubaliwa, ruta hukupa anwani ya IP. Amri ip address huionyesha, katika mstari unaoanza kwa neno inet. Ikiwa kadi haina mstari huo, au anwani yake inaanza na 169.254, basi umekaribishwa ndani na hujapewa kiti. Katika ukumbi wa wanafunzi 300, kila mmoja na simu yake, ruta ndogo yenye nafasi ya anwani zisizozidi 254 huzimaliza zote, na kosa si la mashine yako.

Hatua ya mwisho ni kufika, nayo ina vipande vitatu vya kujaribu kwa amri ya ping. Kwanza iite ruta, ambayo anwani yake huonyeshwa na ip route. Kisha iite anwani ya mbali kwa tarakimu, kama 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Halafu mwite mtu wa mbali kwa jina la tovuti yake. Ikiwa tarakimu zinajibu na jina halijibu, intaneti ipo. Kinachokosekana ni mfasiri wa majina, yaani ile huduma inayoyageuza majina kuwa tarakimu, na amri ya resolvectl status itakuonyesha mashine inamtegemea mfasiri gani. Wapo wasimamizi wanaoizuia ping, kwa hiyo kimya chake peke yake si ushahidi wa kutosha. Katika hoteli za mikutano hufika jambo jingine: kila kitu kiko sawa, lakini mlango haufunguki mpaka ukubali masharti katika ukurasa ambao haujitokezi. Fungua tovuti yoyote inayoanza na http isiyo na s, na ukurasa huo kwa kawaida utajitokeza. Ukiwa ulimweka mfasiri wa majina kwa mkono wako, mwondoe kwanza, kwani hoteli humtegemea mfasiri wake yenyewe kukuelekeza huko.

Zipo hitilafu zisizokaa katika hatua moja. Mashine huunganishwa, hufanya kazi dakika kadhaa, hunyamaza, hurudi. Mara nyingi chanzo ni uhifadhi wa umeme: kadi hujilaza kati ya ujumbe mmoja na mwingine ili kuipumzisha betri, na baadhi ya viendeshi huchelewa kuiamsha. Amri sudo iw dev wlan0 set power_save off huikataza kulala mpaka mashine izimwe. Ikionekana kwamba hali imetengemaa, kataza moja kwa moja kwa kuandika wifi.powersave = 2 chini ya kichwa cha [connection] katika faili la mipangilio ya NetworkManager.

Na iwapo hatua zote sita zimepitiwa na jibu halijapatikana, ndipo iwe halali kuushuku mfumo wenyewe. Hata hapo hakuna haja ya kufuta kitu. Mifumo mingi ya Linux huweza kuendeshwa kutoka katika flashi bila kuigusa diski ya mashine. Washa mashine kwa flashi hiyo, chagua kujaribu na wala si kusimika, kisha uitazame waifai. Ikifanya kazi, kosa limo katika mfumo ulioko katika diski. Isipofanya kazi, tafuta katika chuma. Kwa mfumo huohuo wa flashi waweza pia kuifungua diski na kunakili rekodi zako zote katika diski ya nje kabla fundi hajagusa chochote, ikiwa diski haikufungwa kwa msimbo usiokuwa na ufunguo wake. Mashine ya mwenzetu ingaliwashwa kwa njia hii siku ile, waifai isingalionekana, na mfumo ulioko katika diski ungaliondolewa lawama papo hapo. Na rfkill list ingalionyesha, katika mstari wake wa pili, kwamba redio imezimwa kwa kitufe.